Barua ya wazi kwa viongozi wa Simba: tunaomba msimu wa pili

Dar es Salaam, mwishoni mwa Septemba 2025

Kwa Bodi ya Wakurugenzi, Mwenyekiti na menejimenti ya Simba Sports Club, Msimbazi, Kariakoo

Ndugu viongozi,

Salamu za Mnyama. Ninayewaandikia ni shabiki wa mzunguko, yale majukwaa ya tiketi za bei nafuu, mmoja wa wale wanaoingia Uwanja wa Mkapa jua likiwa bado kali ili wapate pa kukaa, na ambaye hakuna mtu ofisini kwenu anayemfahamu kwa jina. Naandika sasa, kabla hamjamtangaza kocha mpya. Mkishamtangaza, sote tutashika simu kutafuta video zake, watu watajaa uwanja wa ndege kumpokea, na hili ninalotaka kulisema halitasikika tena.

Kocha wetu Fadlu Davids ameondoka, amerudi Raja Casablanca ya Morocco. Sababu za kuondoka mnazijua ninyi na yeye. Siwaombi mnieleze. Ninachowaomba ni kwamba kazi aliyoifanya isifutwe kama zilivyofutwa kazi za waliomtangulia, na ili kulieleza hilo lazima nirudi nyuma kidogo, mnivumilie.

Mkumbuke alikuta nini Julai 2024. Msimu uliokuwa umekwisha ulikuwa wa aibu. Novemba 5, 2023 tulipigwa 5-1 na Yanga, kocha Robertinho akaondoka. Akaja Abdelhak Benchikha, mtu mwenye jina kubwa Afrika, naye Aprili akawa ameshaaga. Juma Mgunda na Selemani Matola wakabeba mzigo hadi mwisho, tukamaliza wa tatu kwa pointi 69, sawa na Azam waliotuzidi kwa tofauti ya mabao. Hiyo nafasi ya tatu ndiyo iliyotushusha kutoka Ligi ya Mabingwa hadi Kombe la Shirikisho. Kisha kikosi kikavunjwa. Chama akavuka barabara kwenda Jangwani, kwa Yanga. Inonga akaenda Morocco. Bocco, Saido, Kanoute, wote wakaondoka. Fadlu alipoipeleka timu kambini Ismailia kule Misri, alikuwa na kundi la watu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kucheza pamoja hata dakika moja: Camara golini, Hamza na Karaboue nyuma, Kagoma, Mavambo na Okejepha katikati, Ahoua, Mutale na Mukwala mbele.

Tuliambiwa huu ni msimu wa kujenga timu. Wengi wetu tuliisikia kauli hiyo kama kinga ya kufungwa.

Sasa niseme nilichokiona, kwa sababu kwenye vijiwe na redioni habari ya kocha huishia kwenye matokeo tu. Ukikaa mzunguko nyuma ya goli huoni sura za wachezaji vizuri, ila timu unaiona umbo lake lote kuliko anayekaa jukwaa kuu. Unaona nani yuko wapi mpira usipokuwa kwake. Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fadlu kilikuwa pale tunapopoteza mpira. Ahoua anapokonywa karibu na boksi la wapinzani. Hageuki kumlalamikia mwamuzi, anamfuata yule aliyempokonya. Mavambo anapanda hatua tano kuziba pasi ya katikati, Kibu anamkimbilia beki wa pembeni, na Kagoma tayari amesimama pale ambapo mpira utaangukia ukipigwa mbele. Beki hana wa kumpa. Anabutua. Hamza anaruka, anaupiga kichwa, mpira umerudi kwetu na shambulizi linaanza upya kabla hujamaliza kushangilia lile la kwanza. Kumiliki mpira tulishajua zamani, Simba ni timu ya mpira wa chini tangu babu zetu. Kuutafuta mpira kwa mpangilio, wote kwa pamoja, ndicho alichotuletea.

Kingine ni kuzungusha wachezaji. Kilituudhi wengi, maana kila wiki tuliuliza kikosi cha kwanza ni kipi. Leo anaanza Ateba, kesho Mukwala. Lakini timu iliyocheza ligi, kombe la nyumbani na Afrika mpaka mwisho wa Mei isingefika huko kwa miguu ya watu kumi na mmoja.

Ushahidi mkubwa niliupata Aprili 9 mwaka huu, marudiano ya robo fainali ya Shirikisho na Al Masry ya Misri. Kule Suez tulikuwa tumefungwa 2-0. Nyote mnajua historia ya Simba na robo fainali. Kuanzia 2019 hadi 2024 tulifika robo fainali ya mashindano ya CAF mara tano, na mara zote tano tuliishia hapo: TP Mazembe, Kaizer Chiefs, Orlando Pirates, Wydad, Al Ahly. Makocha walibadilika, wachezaji wakabadilika, ukuta ukabaki ule ule. Tena waliotutoa 2022 kwa penalti, Orlando Pirates, mmoja wa makocha waliokaa kwenye benchi lao alikuwa huyu huyu Fadlu.

Usiku ule wa Mkapa nilitegemea timu itaingia kwa pupa, mipira mirefu ndani ya boksi kuanzia dakika ya kwanza, halafu tupigwe kaunta moja mchezo uishe. Haikuwa hivyo. Walicheza kama vile hawadaiwi. Mpanzu akafunga, Mukwala akaongeza, na yote hayo kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kilikuwa kigumu, bao la tatu halikuja, na nilichokitazama mimi ni mabeki wetu: hawakuvunja mstari kwenda kutafuta ushujaa. Waliridhika kuupeleka mchezo kwenye penalti kuliko kuutupa. Camara akapangua mbili, tukashinda 4-1. Watu wazima walikumbatiana na wasiowajua. Lakini wakati wa kurudi nyumbani, kwenye daladala, hatukuzungumzia bahati. Tulizungumzia utulivu. Sikumbuki lini niliwahi kusikia mashabiki wa Simba wanaisifu timu yao kwa utulivu.

Nusu fainali, Stellenbosch ya Afrika Kusini tukamaliza nao kwa bao moja la Ahoua pale Amaan, Zanzibar, kisha tukaenda Durban kulilinda, 0-0, bila kuhangaika. Fainali. Ya kwanza tangu 1993, tulipofungwa na Stella ya Abidjan hapa hapa Dar es Salaam baada ya kutoka nao sare kwao. Na Ahoua, yule aliyetubeba hadi fainali ya safari hii, tulimtoa klabu hiyo hiyo ya Stella. Wazee waliokuwepo 1993 walilipokea jambo hilo kwa hisia ambazo sisi wadogo hatukuzielewa mara moja.

Berkane ya Morocco walitufunga 2-0 kwao. Amaan, Mei 25, Mutale akatupa bao la mapema. Kisha Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, bao la Mukwala likakataliwa, na mwishoni Sidibe wa kwao akasawazisha. Kombe likaondoka. Ninachowaomba mkikumbuke ni zile dakika za kipindi cha pili tukiwa kumi. Timu ya watu kumi, iliyo nyuma kwa jumla ya mabao, dhidi ya wazoefu wa kombe hilo, iliendelea kupanda na kukaba juu kwa mpangilio ule ule iliofundishwa. Hawakusambaratika. Hiyo ndiyo alama ya kocha, na haiandikwi kwenye ubao wa matokeo.

Kwenye ligi tulicheza mechi 30, tukashinda 25, sare tatu, tukafungwa mbili. Pointi 78, tisa zaidi ya msimu uliotangulia. Ahoua akawa mfungaji bora kwa mabao 16. Pointi hizo 78 zingetosha ubingwa kwenye misimu mingi, hazikutosha huu.

Najua mtaniuliza kuhusu Yanga, na haki mnayo. Fadlu alikutana na Yanga mara nne: Ngao ya Jamii mbili, ligi mbili. Alifungwa zote, 1-0, 1-0, 2-0 na 1-0, na Simba haikupata hata bao moja. Mechi zote mbili tulizofungwa kwenye ligi zilikuwa hizo. Ile ya Juni 25 iliniuma kuliko zote, kwa sababu sare isingetusaidia kitu, tulihitaji ushindi, na bado tulicheza saa nzima kwa tahadhari kana kwamba sisi ndio tulioongoza ligi. Ile penalti ya Pacome ilipoingia ilikuwa imechelewa mno kubadilika. Hapo kocha alikosea, na nalisema hilo nikimheshimu.

Lakini siungani na wanaosema kocha asiyemfunga mtani hana maana. Timu iliyotoka nafasi ya tatu, ikavunjwa, ikaundwa upya, ikafika fainali ya Afrika na ikafungwa ligi nzima na timu moja peke yake, ni timu iliyobakiza hatua moja. Hatua hiyo ndiyo kazi ya msimu wa pili. Na hapa ndipo kiini cha barua yangu kilipo.

Chukueni karatasi mwandike makocha wetu wa kigeni tangu katikati ya 2018. Patrick Aussems alitupa ubingwa na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wake wa kwanza, Novemba ya msimu wa pili akawa hayupo. Sven Vandenbroeck alibeba ligi na Kombe la FA mwaka 2020, akatuvusha makundi kwa kuifunga Platinum, na Januari 2021 akaondoka kwenda Morocco. Didier Gomes alimfunga Al Ahly hapa nyumbani na kuongoza kundi, Oktoba mwaka huo huo Jwaneng Galaxy wakamaliza safari yake. Pablo Franco hakumaliza hata msimu mmoja. Zoran Maki hakukaa hata miezi mitatu, Septemba 2022 akawa Misri. Robertinho, Januari hadi Novemba. Benchikha, Novemba hadi Aprili. Fadlu, Julai hadi Septemba ya mwaka uliofuata.

Wanane. Hakuna hata mmoja aliyemaliza msimu wa pili. Wengine mliwaondoa, wengine waliondoka wenyewe, na najua kila kisa kina maelezo yake. Ila visa vinane vyenye mwisho mmoja si ajali tena, ni tabia ya nyumba. Tumekuwa kama mtu anayeuhamisha mnazi kila unapokaribia kuzaa.

Tazameni waliotufunga fainali. Mwaka 2024 Berkane walifika fainali ya kombe hilo hilo wakapoteza mbele ya Zamalek. Kocha alikuwa Mouin Chaabani. Hawakumfukuza. Mwaka uliofuata Chaabani huyo huyo aliwapa ubingwa wa Morocco, wa kwanza katika historia yao, na akaja kulichukua kombe mbele yetu Zanzibar. Wala tusiende mbali. Nasreddine Nabi alipewa misimu miwili kamili pale Jangwani, akachukua ligi zote mbili, na wa pili ndio ulioifikisha Yanga fainali ya Shirikisho 2023.

Kuna hoja moja inayonipinga, na nimeifikiria sana. Yanga msimu uliopita walikuwa na makocha watatu, Gamondi, Ramovic na Hamdi, na wakachukua ubingwa. Ni kweli. Lakini angalieni walichokibakiza. Diarra alikuwa golini. Job na Bacca walikuwa nyuma. Mudathir, Aziz Ki, Pacome, Maxi na Mzize walikuwa pale pale, wamecheza pamoja tangu msimu uliotangulia. Kocha alibadilika, timu haikubadilika. Sisi tunabadilisha vyote viwili kwa pamoja. Akija kocha mpya tunampa wachezaji wapya, wakianza kuelewana tunampoteza kocha, akija mwingine anasema hawa siwataki. Dirisha lililopita Che Malone ameondoka, na nahodha wetu Tshabalala, aliyevaa jezi hii tangu akiwa kijana mdogo, leo anavaa ya kijani na njano. Wamekuja De Reuck, Kante, Maema, Sowah na wengine, watu waliosajiliwa ili wacheze mpira wa Fadlu. Ligi imeanza tu na Fadlu hayupo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa: mnapochagua kocha, msianze na jina wala vikombe. Anzeni na namna anavyocheza. Kikosi hiki kimefundishwa kukaba juu, kupasiana kwa haraka kutoka nyuma na kuwatumia mawinga ndani. Mkileta mtu wa kukaa chini na kusubiri kaunta, hata awe mzuri kiasi gani, Januari atawaomba wachezaji kumi wapya na tutarudi Ismailia mwakani kuanza moja. Mtafuteni anayeweza kuendelea na kazi iliyopo na kuirekebisha pale ilipokuwa dhaifu, hasa kufunga mabao kwenye mechi kubwa.

La pili linahusu benchi. Fadlu alikuja na watu wake: Darian Wilken msaidizi, Wayne Sandilands wa makipa, Riedoh Berdien wa viungo, Mueez Kajee mchambuzi wa video. Kila mtu aliona jinsi Camara alivyozidi kuwa imara mikononi mwa Sandilands. Lakini hao walikuwa watu wa kocha, hawakuwa watu wa Simba. Alipoondoka, mechi ya marudiano na Gaborone United tukalazimika kumwazima Hemed Suleiman 'Morocco', kocha wa Taifa Stars, aje akae benchi letu. Namshukuru, tumevuka. Ila klabu iliyocheza fainali ya Afrika miezi minne iliyopita haikupaswa kuazima kocha. Ajirini mchambuzi wa video wa klabu, kocha wa makipa wa klabu, mtaalamu wa viungo wa klabu. Ajirini mkurugenzi wa ufundi mwenye mamlaka ya kweli, ambaye kocha mpya akifika kwenye uwanja wetu wa mazoezi Bunju atamkuta na mafaili: huyu mchezaji amekimbia kiasi gani, huyu goti lake linahitaji nini, huyu kijana wa timu ya vijana yuko tayari. Matola amefanya kazi na makocha wengi waliopita hapo. Aliyoyajifunza kwao yahifadhiwe na klabu, yasibaki kichwani mwa mtu mmoja.

La tatu ni kwetu sisi, nami nalisema kwa niaba ya wenzangu wa mzunguko bila kuwa nimetumwa. Presha ya kufukuza makocha mara nyingi inaanzia jukwaani. Mechi mbili mbaya tunazomea, tatu tunataka damu, na ninyi mnasikia. Basi safari hii mtutangulie. Siku ya kumtambulisha kocha, simameni mtuambie wazi: huyu tunampa misimu miwili, msimu wa kwanza tunataka hiki, wa pili tunataka kile, na akifungwa na mtani mwezi wa kwanza tutabaki naye. Mtuambie mbele ya kamera ili tusije tukajifanya hatukusikia. Tutalalamika, hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini shabiki aliyeelezwa mpango huvumilia kuliko aliyeachwa akisie. Msimu uliopita mlituambia tunajenga, na pamoja na manung'uniko yetu tulijaza viwanja mpaka Amaan.

Oktoba tunacheza na Nsingizini Hotspurs wa Eswatini, ugenini kwanza. Tukivuka tunarudi makundi ya Ligi ya Mabingwa, pale tulipokosekana msimu uliopita. Naomba kocha mpya awe amefika kabla ya safari hiyo, akae na wachezaji walau wiki moja, na asibadilishe mengi. Kapombe na Camara wanajua la kufanya. Kagoma anajua asimame wapi mpira ukipotea. Amuulize yeye.

Wenu katika Nguvu Moja,

Shabiki wa mzunguko, Uwanja wa Benjamin Mkapa